Prodyuza wa Tabata, Gemu la Hewa na Jenereta la Koridoni

Ukimwambia mtu wa mjini kuwa unakesha na gemu, kichwani kwake zinakuja picha mbili tu: mpira au bunduki. Prodyuza mmoja wa Tabata hachezi chochote kati ya hivyo. Jina lake linabaki kapuni, maana ukilitaja lake utajikuta umelitaja na la staa mmoja ambaye wadau wote mnamjua. Jamaa anacheza gemu la hewa. Ndiyo, hewa, hiihii unayovuta sasa hivi bila bando.

Gemu lenyewe linaitwa Oxygen Not Included. Ukilitafsiri kihuni ni kama kusema "oksijeni hujauziwa". Limetengenezwa na Klei Entertainment, kampuni ya Vancouver kule Kanada, na toleo kamili lilitoka Julai 2019 baada ya miaka miwili ya kuuzwa likiwa bado linapikwa. Unapewa watu watatu, wamefungiwa ndani kabisa ya jiwe kubwa linaloelea angani. Hakuna jambazi wa kumpiga risasi wala bosi wa mwisho. Kinachoua ni njaa, joto, maji machafu, na kubwa kuliko yote, hewa. Watu hao kwenye gemu wanaitwa Duplicants. Prodyuza anawaita madogo.

Gemu alilikuta kwenye laptop aliyoachiwa na binamu yake, anayesoma kompyuta chuo Dodoma. Dogo alimpigia simu akamwambia, "Kaka, hilo gemu ulicheze taratibu. Halina haraka, lakini lina kisasi." Prodyuza akacheka. Kicheko kiliisha siku ya tatu.

MADOGO WA KWANZA WALIFIA USINGIZINI

Hesabu ya gemu iko hivi. Dogo mmoja anavuta gramu 100 za oksijeni kila sekunde. Siku moja ya gemu ina sekunde 600, ambazo ni dakika kumi za huku kwetu. Kwa hiyo kichwa kimoja kinamaliza kilo 60 za oksijeni kwa siku. Vichwa vitatu, kilo 180. Kila baada ya siku tatu gemu linakuuliza kama unataka mtu mpya, na hapo ndipo wageni wengi wanapochemka, maana kila mkono mpya wa kufanya kazi unakuja na pua yake.

Prodyuza alikuwa anapokea tu. Anapenda watu, hata studio kwake hafukuzi mtu. Akafikisha madogo nane, wanachimba, wanapika, wanajenga, raha tupu. Oksijeni alikuwa anaitoa kwenye mashine ya mwanzo inayotumia mwani. Inameza gramu 550 za mwani kwa sekunde, inatema gramu 500 za oksijeni. Mashine moja inatosha madogo watano, na yeye alikuwa nazo mbili. Ukipiga hesabu ana hewa ya watu kumi kwa watu nane. Safi kabisa.

Usiku wakaanza kufa.

Vitanda alikuwa ameviweka chini kabisa ya koloni kwa sababu kulikuwa na nafasi. Sasa kwenye gemu hili kila gesi ina ghorofa yake. Haidrojeni ni nyepesi, inapanda juu kabisa. Oksijeni inakaa katikati. Hewa ukaa, ile tunayoitoa tukipumua, ni nzito na inatulia chini kama matope kwenye ndoo. Dogo mmoja anatoa gramu mbili tu kwa sekunde, unaweza kuidharau. Lakini madogo nane ni karibu kilo kumi kwa siku, na gemu lina sheria moja ngumu: kila kisanduku cha nafasi kinabeba gesi ya aina moja tu. Hewa ukaa ikishakaa pale, oksijeni haiingii. Vitanda vikawa vimezama kwenye kidimbwi kisichoonekana. Madogo wanashuka kulala, wanazuia pumzi, wanakurupuka kutafuta hewa juu, wanarudi tena kwa uchovu. Wawili hawakurudi juu.

Kilichomuuma zaidi ni alichokiona alipofungua picha ya oksijeni. Mashine zake mbili zilikuwa zimesimama. Hazijaharibika, umeme upo, mwani upo. Zilijizima zenyewe kwa sababu presha pale zilipo ilipita kilo 1.8 kwa kisanduku, na zikifika hapo huwa zinagoma kutema zaidi. Yaani ghorofa ya juu hewa imejaa hadi mashine zimeshiba, ghorofa mbili chini watu wanakata roho. Hewa ilikuwepo. Njia ndiyo haikuwepo.

HEWA NYINGI SI UTAJIRI

Hapo mtu mwingine angeongeza mashine ya tatu. Ndivyo tunavyofanya wengi, tatizo likija tunaongeza kitu. Ila mashine ya tatu ingeshiba kama wenzake na kusimama. Na ukilazimisha presha ipande sana, ikipita kilo nne kwa kisanduku madogo masikio yanapasuka, wanaanza kuwa na stresi, wanavunja vitu. Ndiyo, gemu limefikiria hadi hilo.

Prodyuza akaanza koloni upya. Safari hii alichimba shimo chini kabisa ambako hakai mtu, hewa ukaa ikajikusanye huko. Vitanda akavipandisha. Sakafu za ngazi akaweka zile za kupitisha hewa, zenye matundu, ili gesi ishuke na ipande bila kugongana na ukuta. Mashine ilikuwa moja tu, madogo watano tu, na hakuna aliyekufa.

Mwani ulipoanza kuisha akahamia kwenye mashine ya kupasua maji. Hii inameza kilo moja ya maji kwa sekunde na kukupa gramu 888 za oksijeni na gramu 112 za haidrojeni. Oksijeni hiyo inatosha madogo nane na chenji inabaki. Haidrojeni unaipeleka kwenye jenereta lake, gramu 100 kwa sekunde zinakupa wati 800. Mashine yenyewe inakula wati 120, na pampu mbili za kuvuta gesi yote zinakula 480, jumla 600. Kwa hesabu ya karatasi mtambo unajilisha umeme wenyewe na wati 200 zinabaki. Ukifanikisha hilo mara ya kwanza utapiga kelele hadi jirani agonge ukuta.

Lakini gemu lina kisasi, kama dogo alivyosema. Oksijeni ya mashine hiyo inatoka na nyuzi joto 70. Unawapa watu hewa, unawapikia shamba. Mazao ya mwanzo yakipitisha nyuzi 30 yanagoma kukua. Kila ukitatua la hewa linazaa la joto, la joto linazaa la maji. Prodyuza alimwambia binamu yake kwenye simu, "Hili gemu ni la maisha ya kupanga nyumba."

CHUMBA CHA TREI ZA MAYAI

Studio yake ni chumba kimoja ndani ya nyumba ya kupanga. Vyumba sita, korido moja katikati, choo nyuma. Kuta za studio zimebandikwa magodoro na trei za mayai, dirisha limezibwa kwa mbao na godoro juu yake ili kelele za bodaboda zisiingie kwenye maiki. Mlango una blanketi. Kumefungwa kama chungu cha pilau.

Kwa miaka miwili wasanii walikuwa wanalalamika kitu kilekile. Ikifika saa saba usiku, wakiwa wanne au watano mle ndani, kichwa kinauma, usingizi unakuja, mashairi hayakai. Walikuwa wanalaumu taa, wanalaumu chipsi, wanalaumu "vibe". Kila mtu akitoka nje dakika tano anarudi mzima. Hakuna aliyejiuliza kwa nini.

Baada ya madogo wawili kufia kitandani, prodyuza alikaa kwenye kiti chake siku moja akatazama kile chumba kwa macho mengine. Watu watano, hewa inaingia wapi? Inatoka wapi? Majibu yote mawili yalikuwa "hakuna".

Akaanza kusoma usiku, simu mkononi. Akagundua kwamba gemu linadanganya kidogo. Kwenye chumba cha kweli gesi hazipangi foleni kwa ghorofa. Zinachanganyika. Pumzi unayoitoa ni ya moto, inapanda, inazunguka, inasambaa chumba kizima. Hewa ya kawaida ya nje ina oksijeni kama asilimia 21, na hewa ukaa kidogo mno, kama asilimia 0.04. Kwenye chumba kilichozibwa na watu ndani, hiyo ya pili inapanda mapema sana kabla oksijeni haijapungua cha maana, na ndiyo inayoleta uzito wa kichwa. Kwa hiyo kuchimba shimo sakafuni kungekuwa kichekesho. Lakini somo kubwa la gemu lilibaki palepale: hewa haiingii mahali ambapo nyingine haitoki.

Akampa fundi elfu hamsini. Wakatoboa tundu chini upande wa mlango na jingine juu upande wa dirisha, hapo juu wakafunga feni ndogo ya kunyonya. Ili kelele zisiingie, kila tundu walilijengea sanduku la mbao lenye kona kona ndani, limepakwa godoro. Hewa inakata kona bila shida, sauti inagonga na kufia mle. Wasanii wakaanza kusema studio "ina upako". Yeye alikaa kimya, akawaacha na upako wao.

KUNA GESI GEMU HALIKUITIA

Kwenye kusoma huko ndiko alikokutana na gesi ambayo kwenye gemu haimo kabisa: kaboni monoksaidi. Hii inatoka kwenye kitu chochote kinachoungua bila hewa ya kutosha. Jiko la mkaa, gari lililowashwa gereji, jenereta. Haina rangi, haina harufu, haina ladha. Uzito wake unakaribiana na wa hewa yenyewe, tena ni nyepesi kidogo, kwa hiyo haitulii chini wala haikimbilii dari. Inakwenda kila ilipo hewa. Ukiivuta inashikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, halafu haiachii haraka. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, mwili kuishiwa nguvu. Yaani hangova. Na aliyelala au aliyelewa anaweza asizipate hizo dalili kabisa. Anaendelea kulala tu.

Aliposoma hapo akawakumbuka madogo wake wawili. Kwenye gemu angalau walikuwa wanakurupuka.

USIKU WA STAA

Sasa njoo kwenye kisa chenyewe. Staa mmoja, sauti yake mmeicheza sana kwenye harusi, alikuwa na wimbo wa kuachia Ijumaa. Alhamisi saa sita usiku yuko studio Tabata na meneja wake na wapambe wawili. Sauti zote zimesharekodiwa, imebaki kumalizia miksi. Ameshatoa advansi ya laki tatu. Prodyuza anadaiwa kodi ya miezi miwili, na jina lake kuwa kwenye wimbo ule lilikuwa lango la wateja wengine.

Mvua inanyesha ile ya kuangusha miembe. Umeme ukakata.

Jenereta lipo, dogo la petroli, huwa linakaa uani chini ya bati. Bati lenyewe usiku ule lilikuwa linavuja kama chujio, na mtaa ule kitu cha chuma kikilala nje kinaamkia kwa wauza vyuma chakavu. Meneja akasema lisiwe tatizo, liingizwe koridoni. Mlango wa nyuma ukaachwa wazi kidogo, waya upite, kazi imalizike kwa hedifoni, saa kumi watu wako nyumbani.

Prodyuza akasema, "Hapana bosi. Koridoni haliingii."

"Kwa nini? Kelele?"

"Moshi."

Wakacheka. Staa akamwambia, "Mwanangu, mlango uko wazi, moshi utatoka. Acha ushamba, tumalize kazi."

"Mlango mmoja hautoshi, kaka. Hewa ya nje ikiingia na upepo wa mvua, ule moshi unasukumwa ndani. Na ubaya wake hauuoni. Hapa kuna vyumba sita, watu wamelala."

Chumba cha pili kuna mama na watoto watatu. Chumba cha nne kuna mzee wa kifua. Na studio yenyewe, kumbuka, tundu la kuingizia hewa liko upande wa mlango, linavuta hewa ya korido. Yale maarifa aliyoyatoa kwenye gemu yangegeuka bomba la kuwaletea sumu wao wenyewe. Hilo alilijua yeye peke yake mle ndani.

Akapendekeza walipeleke jenereta uani, walifunike juu kwa bati jingine, pembeni kuwe wazi, mbali na madirisha hatua nane au kumi, na mmoja wa wapambe alilinde. Mpambe akaangalia mvua, akaangalia viatu vyake. Akapendekeza wasubiri umeme. Meneja akaangalia saa.

Kilichofuata kilikuwa kifupi. Staa alisimama, akasema anajua studio kumi ambazo hazina masharti kama ya hospitali. Wakachukua hadidiski yao. Meneja akadai nusu ya advansi. Prodyuza akahesabu laki moja na nusu kwa mwanga wa simu, akawapa. Umeme ulirudi saa tisa kasoro, gari yao ikiwa imeshaondoka kitambo.

Wimbo ulitoka, mkaucheza. Kwenye sifa za watayarishaji jina lake halimo.

HAKUNA ANAYEPONGEZA KISICHOTOKEA

Hapa ndipo stori nyingi zingekuletea ushahidi. Kwamba wiki iliyofuata staa aliwekewa jenereta ndani kwenye studio nyingine akazimia, akarudi analia kuomba msamaha. Hakuna kitu kama hicho. Staa ni mzima wa afya, anakula bata. Hakuna aliyekufa, na kwa sababu hakuna aliyekufa, prodyuza kwenye vijiwe vya muziki amebaki kuwa "yule jamaa muoga wa moshi".

Na hilo ndilo gumu. Anayezima moto anaonekana. Anayezuia moto usiwake anaonekana msumbufu. Kwenye gemu angalau kuna picha ya rangi, unabonyeza unaona buluu ya oksijeni na wekundu wa pale isipofika, unajua umeokoa nani. Koridoni Tabata saa sita usiku hakuna kitufe cha kubonyeza. Kuna giza, mvua, watu wanne wanaokucheka, na laki moja na nusu inayotoka mfukoni.

Binamu yake alipoambiwa alinyamaza kidogo kwenye simu, halafu akauliza, "Kwa hiyo kaka, kodi umelipa?" Hajalipa yote. Mwenye nyumba amempa hadi mwisho wa mwezi. Amerudi kurekodi kwaya na matangazo ya maduka, hela ndogo ndogo lakini zinaingia. Usiku bado ana koloni lake, limevuka siku 300, madogo nane, haongezi wa tisa hata gemu limbembeleze.

Asubuhi ile baada ya staa kuondoka, mama wa chumba cha pili alimkuta bombani anajaza ndoo. Akamsema vizuri tu, kelele gani zile usiku, watu wanabishana koridoni kama sokoni, watoto wameshindwa kulala.

"Samahani mama," akajibu. "Haitajirudia."

Hakumweleza. Watoto walikuwa wanapita na mabegi ya shule, watatu wote, mmoja anapiga miayo.

Haya mdau, jenereta la kwenu linakaa wapi? Na jiko la mkaa siku za mvua mnaliweka wapi? Dondosha jibu hapo chini. Ila kama jibu ni "koridoni" au "ndani, ila dirisha liko wazi", usiandike kwanza. Nenda kalitoe, halafu rudi.